Msaidizi Katika Nyumba Isiyo Yake

Msomaji mpenzi, tuseme tumeingia katika ua mmoja wa Tezo alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya minazi. Wa kwanza kuamka aghalabu ni mtoto aliyeletwa kukaa kwa mjomba au shangazi ili awe karibu na shule. Huteka maji, hufagia ua, humwosha mdogo wa nyumba ile uso na miguu, kisha ndipo avae sare yake mwenyewe. Majirani husema ana adabu. Nakuuliza: je, ayatendayo ni wema, au ni kodi ya kulala?

Kabla hujajibu, twende mbali kidogo, mpaka Ziwa Tanganyika, maana huko jambo hili limechunguzwa kwa viumbe wasioweza kujisifu wala kujitetea. Katika miamba ya ziwa hilo hukaa samaki mdogo kama kidole, ambaye wataalamu humwita Neolamprologus pulcher. Kila nyumba ina dume na jike wenye milki, na pamoja nao wasaidizi, pengine mmoja, pengine kumi na zaidi. Wasaidizi huyasafisha mayai kwa vinywa vyao, huyapepea kwa mapezi ili yapate maji mapya, huchota mchanga unaoziba pango, tena huwakabili maadui wanaokuja kuwala watoto. Mwaka 1981 Michael Taborsky na Limberger walitangaza habari za wasaidizi wa namna hii, waliowaona katika jamaa ya karibu ya samaki huyu upande wa Burundi.

Utasema ni damu: ndugu humlea ndugu. Mara nyingi ndivyo. Lakini wenye nyumba hufa au huliwa, wengine hushika mahali pao, na msaidizi hujikuta akilea watoto wa watu baki. Hata hivyo haachi kazi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wasaidizi wasio na udugu na wenye nyumba waliyatunza mayai zaidi kuliko wale wenye udugu! Sababu ni chungu. Samaki mdogo aliye peke yake huliwa upesi. Nyumba ya wengine ndiyo uhai wake. Akizuiwa kufanya kazi kwa muda, huweza kurudi na bidii iliyozidi, kana kwamba anaomba radhi. Mzembe huweza kuumwa. Na mkubwa asiyehitajiwa tena huweza kufukuzwa. (Wala tusimfanye mtakatifu: pengine huyala mayai yale yale aliyopewa kuyatunza.)

Wako wasemao kuwa kazi ifanywayo kwa hofu haina wema ndani yake. Mimi naona hukumu hiyo ina haraka. Moyo wa mtu waweza kubeba hofu na mapenzi kwa pamoja, na mtoto aliyeanza kumbeba mchanga wa shangazi yake kwa kuogopa kukemewa, pengine baada ya mwaka hawezi kulala asipousikia usingizi wa yule mchanga. Nani atapima kiasi cha hofu na kiasi cha mapenzi? Hata mwenyewe hawezi.

Anayeweza kuulizwa, na kujibu, ni mwenye nyumba. Yeye ndiye ajuaye kama uvivu wa siku moja utasamehewa. Siku mtoto yule akishikwa na homa na mtungi ukabaki mkavu, huletewa uji, au hutazamwa kwa jicho la pembeni? Wazee walisema mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wala hawakukosea. Lakini jembe hilo mgeni hupewa ili aende shambani pamoja na wenyeji. Hakupewa aende peke yake huku wenyeji wamejifunika shuka. Nawe msomaji, kama ndiwe mwana wa nyumba ile, rika moja na huyo aliyeletwa, jua hukukuta wapi?

Kule ziwani, msaidizi aliyevumilia pengine huirithi nyumba wenyewe wakifa. Tangu siku hiyo huwa na mayai yake, na wasaidizi wake walio wadogo kuliko yeye, naye huwadai kazi kama alivyodaiwa.