Kamba za Viatu
Siku ya kwanza nilikimbia kutoka geti la ploti hadi kwa mama mboga, kama mita 300 hivi, nikasimama nimeshika magoti. Akaniuliza, "Kijana, nani anakufukuza?"

Mimi sikutaka kukimbia. Daktari ndiye alisema presha imeanza kupanda, na pesa ya gym sina. Pumzi haikunisumbua sana. Shida ilikuwa kusimama. Nikiona watu, najifanya nafunga kamba za viatu. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Sasa nikiacha na mbio, si watu watasema hiyo ni tabia?

Kwetu kuacha ni kama dhambi. Tunaambiwa mvumilivu hula mbivu, na hakuna anayeuliza kama embe lenyewe limeshaoza. Lakini tarehe 10 Agosti 2024, kwenye marathoni ya Olimpiki kule Paris, Eliud Kipchoge aliacha baada ya kilomita 30, mgongo ukimuuma. Huyu ndiye aliyemaliza kilomita 42 chini ya saa mbili kule Vienna mwaka 2019. Nani atamwita mvivu?

Nilijifariji na hilo wiki nzima. Kisha nikaona tofauti. Kipchoge aliacha mbele ya dunia, na akasema ameacha. Mimi kwa miaka miwili nimekuwa nikimwambia mama "nimeahirisha tu." Karo haikukosa. Aliuza ng'ombe. Mimi ndiye sikuitaka ile kozi tena, na hadi leo sioni kosa katika kutoitaka.

Basi kosa liko wapi? Nadhani mtu ana haki ya kuacha safari yake. Lakini aliyekulipia nauli ana haki ya kujua ulishukia wapi. Kamba za viatu vyangu hazikuwa zimefunguka hata siku moja.

Wiki ya sita sasa. Nikichoka natembea, mama mboga akiniangalia, na siinami. Jumapili nilimpigia mama nikamwambia ukweli. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Na ng'ombe je?"

Sikuwa na jibu. Nilidhani nikisema ukweli nitakuwa mwepesi, kumbe ukweli ndio umefungua daftari la deni. Jumatatu saa kumi na moja asubuhi nilivaa viatu, nikatoka. Nilikimbia hadi kwa mama mboga, nikampita, nikafika stejini. Hapo nikasimama, nikaanza kupiga hesabu ya bei ya ng'ombe.