Kumi kwa Tatu

Tarehe 21 Julai 2021, katika uwanja wa Miyagi nchini Japani, wanawake wa Zambia walicheza mechi yao ya kwanza kabisa ya Olimpiki wakafungwa mabao 10 na Uholanzi. Kumi! Vivianne Miedema peke yake alitikisa nyavu mara nne. Lakini tazama na upande wa pili wa ubao wa matokeo. Zambia nao walipata matatu, na yote matatu yalikuwa ya mtu mmoja: nahodha Barbra Banda, binti wa Lusaka aliyekuwa na miaka 21.

La kwanza alilifunga dakika ya 19, mechi ikiwa bado mechi. Mawili yaliyobaki yalikuja dakika ya 82 na ya 83. Hebu jiweke uwanjani saa hiyo. Miguu imekuwa mizito, kipa amechoka kuokota mipira nyavuni, na hakuna hesabu yoyote inayoweza kuiokoa Zambia katika muda uliobaki. Mshambuliaji mwingine angesimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, akisubiri filimbi ya mwisho, na nani angemlaumu? Banda alikimbia. Alikimbia kana kwamba matokeo ni sare tasa, akafunga, na watu hawajamaliza kushangaa akafunga tena.

Siku tatu baadaye wakakutana na China. Akafunga mengine matatu, na kwa muda Zambia ilinusa ushindi, ila Wang Shuang wa China naye alikuwa na siku yake. Alifunga manne, ngoma ikaisha 4-4. Banda akawa mwanamke wa kwanza kufunga mabao matatu katika mechi mbili mfululizo za Olimpiki. Kisha Brazil wakawafunga 1-0, na Zambia wakapanda ndege kurudi nyumbani na pointi moja.

Miaka mitatu ikapita, ikaja Olimpiki ya Paris. Julai 2024, mjini Nice, Zambia dhidi ya Australia. Banda akafunga matatu kwa mara ya tatu katika maisha yake ya Olimpiki, na Zambia ikaongoza 5-2. Ukisikia tano kwa mbili unadhani mechi imekwisha, sivyo? Australia walirudisha yote, wakaongeza moja, wakaondoka na ushindi wa 6-5.

Sasa fanya hesabu, maana hiyo ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika. Mara tatu kwenye Olimpiki mwanamke huyu amefunga mabao matatu katika mechi moja. Mabao tisa. Ushindi uliotokana na mabao hayo ni sifuri: kipigo, sare, kipigo.

Hadithi za mafanikio tunazopenda kusimuliana huwa zinaruka sehemu kama hii. Zinaanzia kwenye umaskini zikatua kwenye kombe, na katikati hapo tunaambiwa mtu "alijituma" na mambo yakanyooka. Kujituma kwenyewe ni kutoa kazi yako bora kabisa siku ambayo matokeo yatakunyima kila kitu, na kuitoa tena wiki ijayo hali ukijua inaweza kukunyima tena. Sikwambii ufurahie kufungwa. Anayefurahia kufungwa hajui anachokitafuta. Nakwambia usiache kufunga kwa sababu timu yako inafungwa.

Na Banda hakujifunzia hayo kwenye Olimpiki. Alikuwa na miaka 13 tu alipokwenda Costa Rica na kikosi cha Zambia kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, mwaka 2014. Pembeni alipigana masumbwi. Huko nako unajifunza kwamba ukipigwa, raundi haisimami kukusubiri. Mwaka 2018 akaenda Hispania kuchezea klabu ya Logroño. Mwaka 2020 akahamia Shanghai, mbali zaidi, akamaliza msimu wake wa kwanza akiwa mfungaji bora wa ligi kuu ya China. Dunia ilikuwa haijamjua. Vyombo vya habari vya kwetu ndiyo kabisa, navyo vina nafasi ya kutosha kuandika kila mshambuliaji wa kiume wa Ulaya anapobadilisha mtindo wa nywele.

Halafu likaja jambo zito kuliko kipigo. Julai 2022, Morocco, Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wanawake likiwa linaanza, Banda akaondolewa kwenye mashindano kutokana na vipimo vya homoni. Hakuwa ametumia dawa yoyote iliyokatazwa, hakuwa amevunja sheria. Mwili aliozaliwa nao ndio uliowekwa mezani ukajadiliwa na watu wasiomfahamu, na maneno yaliyomfuata mitandaoni hayaandikiki hapa. Wenzake walicheza bila nahodha wao, wakashika nafasi ya tatu na kukata tiketi ya Kombe la Dunia. Waliifungulia Zambia mlango, na yeye akiwa nje.

Angeweza kususa, na wapo ambao wangemwelewa. Mwaka uliofuata, wiki chache kabla ya Kombe la Dunia, Zambia walikwenda kucheza mechi ya kirafiki na Ujerumani, nyumbani kwa Wajerumani, mabingwa wa dunia mara mbili. Zambia walishinda 3-2, na bao la ushindi lilifungwa na Banda katika dakika za nyongeza. Kwenye Kombe la Dunia lenyewe Japani wakawafunga 5-0, Hispania nao 5-0. Mechi ya tatu, dhidi ya Costa Rica mjini Hamilton, New Zealand, Zambia hawakuwa na pa kwenda hata wakishinda. Wakashinda 3-1. Banda alipiga penalti ikaingia, nalo likawa bao la 1,000 katika historia ya Kombe la Dunia la wanawake. Liliandikwa kwa jina la mwanamke wa Lusaka, katika mechi ambayo wengine wangeiita ya kukamilisha ratiba.

Umeona mahali anapofungia huyu mtu? Dakika zisizo na maana, mechi zisizo na faida. Na ndiyo maana Machi 2024 klabu ya Orlando Pride ya Marekani ilitoa kiasi kilichoripotiwa kuwa dola 740,000 kumtoa Shanghai. Hiyo ilikuwa miongoni mwa ada kubwa kabisa zilizowahi kulipwa kwa mchezaji wa kike, na iliyoizidi wakati huo ilikuwa ya Mzambia mwenzake, Racheal Kundananji, aliyekwenda klabu ya Bay FC, pia ya Marekani, mwezi mmoja kabla. Aliyesaini malipo yale hakuhesabu mabao 10 ya Uholanzi. Alihesabu yale matatu.

Orlando ilikuwa haijawahi kutwaa kombe lolote. Ilikuwa na Marta, gwiji wa Brazil, aliyekuwa hapo tangu 2017 bila kuonja ubingwa wa ligi kuu ya wanawake ya Marekani. Msimu wa 2024 timu hiyo ilicheza mechi 23 za kwanza bila kupoteza hata moja. Katika orodha ya wafungaji wa msimu wa kawaida, aliyeongoza alikuwa Temwa Chawinga wa Malawi na mabao 20, na Banda akamfuata na 13. Malawi na Zambia, majirani hawa wanaopakana na Tanzania yetu, wakiwafundisha Wamarekani kufunga! Kwenye mtoano Banda alifunga katika kila mechi. Tarehe 23 Novemba 2024, fainali ikachezwa Kansas City dhidi ya Washington Spirit. Dakika ya 37 akapata mpira upande wa kulia, akaingia nao ndani, akaachia shuti la mguu wa kushoto. 1-0. Hakuna bao lingine lililopatikana siku hiyo, na yeye akachaguliwa mchezaji bora wa fainali. Kabla mwaka haujaisha alikuwa mwanasoka bora wa kike wa BBC na wa Afrika.

Mara tatu alifunga matatu asipate ushindi. Siku ya kombe lilitosha moja.

Basi nisikilize, binti unayefanya mazoezi kwenye uwanja wa shule saa kumi jioni, wavulana wakikufukuza ili waanze chandimu yao. Usisubiri timu yako iwe nzuri ndipo nawe ucheze vizuri. Usisubiri mshahara, wala kamera, wala maskauti waliovaa kofia pembeni ya uwanja. Mkiwa mmefungwa nne na zimebaki dakika tano, omba mpira. Mwaka 2025 Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, walirudi kwenye fainali za Afrika, na Mtanzania Clara Luvanga amecheza Saudi Arabia katika jezi ya Al Nassr. Njia ipo, imeshakanyagwa na watu wa kwenu.

Nawe usiyecheza mpira, unayetuma barua za maombi ya kazi zisizojibiwa, unayefundisha darasa la watoto tisini, unayefungua kibanda alfajiri siku ambayo wateja hawatakuja: kazi ya leo ifanye kama ya siku ya fainali. Hujui mechi ipi inatazamwa. Banda naye hakujua.

Na nyie wazazi, walimu na viongozi wa vilabu, hamasa ya maneno haitoshi. Mtoto huyu anahitaji viatu, nauli ya kwenda mazoezini, mahali salama pa kubadilishia nguo, na uwanja walau saa mbili kwa siku ambazo hakuna mvulana atakayemnyang'anya. Wikiendi hii ipo mechi ya wanawake karibu na unapoishi, na kiingilio chake mara nyingi ni kidogo kuliko bei ya soda na andazi, au hakipo kabisa. Nenda. Na timu yako ikifungwa, usiondoke kabla ya dakika ya 82.