Kilometa Mia kwa Wiki: Fadhila au Sanamu?



Vijana wenzangu, leo tutafakari swali ambalo sisi tunaopenda kukimbia huwa hatupendi kuulizwa. Anayejiandaa kwa marathoni akafikisha kilometa 100 kwa wiki, anajenga fadhila, au anajenga sanamu na kuivalisha raba? Jibu la haraka ni lile la "kila kitu kwa kiasi". Sawa, lakini kiasi ni kipi? Hapo ndipo kazi inapoanza.

Tuanze na mambo yenyewe yalivyo. Marathoni ni kilometa 42.195, na mwili haudanganyiki. Ukikimbia umbali mkubwa wiki baada ya wiki, moyo unajifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, mishipa midogo inaongezeka ndani ya misuli, na mwili unazoea kutumia mafuta yake kama nishati. Hayo yote yanakuja polepole, ndiyo maana watu wanaongeza kilometa. Wale mabingwa wa Kaptagat kule Kenya, akina Eliud Kipchoge, hupita kilometa 200 kwa wiki. Ila kuna jambo ambalo wengi wetu tunaliruka: sehemu kubwa ya kilometa hizo hukimbiwa taratibu, mwendo ambao unaweza kupiga stori na mwenzako. Na mwili haupati nguvu wakati unakimbia. Unapata nguvu baadaye, ukiwa umelala. Anayekimbia kuliko mifupa yake inavyoweza kujitengeneza, anajitafutia ufa kwenye ugoko.

Kinachonifurahisha ni kwamba Aristotle alipotaka kueleza fadhila, mfano wake mmojawapo ulikuwa mazoezi haya haya. Katika kitabu chake cha maadili kwa Nikomako anasema mazoezi yakizidi yanaharibu nguvu, na yakipungua yanaharibu vilevile. Halafu anamtaja Milo, mpiga mieleka maarufu: chakula kinachomtosha Milo kitamzidi anayeanza mazoezi leo. Yaani kiasi si namba moja kwa watu wote. Kilometa 100 kwa mwenzako zinaweza kuwa busara, na kwako zikawa ujinga. Ndiyo maana busara ndiyo inayoongoza fadhila nyingine. Mpango wa mazoezi uliodownload kwenye simu haujui kwamba jana ulikesha msibani.

Sasa kuna wenzetu watasema: "Frateri, lakini ugumu ndio unaotakasa. Bila maumivu hakuna taji." Hapa Mtakatifu Thomas wa Akwino anatusaidia sana. Kwake yeye, fadhila inapimwa kwa wema wake kuliko kwa ugumu wake. Jambo haliwi jema kwa sababu tu limekuumiza. Wezi nao wanaamka saa tisa usiku, wanavumilia baridi na mvua. Hata Mtakatifu Paulo, anapowaandikia Wakorintho (1 Kor 9:24-27) kwamba anautiisha mwili wake kama wanamichezo, anaongea na watu waliokuwa jirani na michezo ya Isthmia. Walijua vizuri anachosema. Lakini hasifu mateso. Anauliza taji lipi linafaa kutafutwa, maana lile la majani lilinyauka.

Mfikirieni marehemu Kelvin Kiptum. Oktoba 2023 alikimbia Chicago kwa saa 2 na sekunde 35, rekodi ya dunia. Kocha wake, Gervais Hakizimana, aliwaambia waandishi wa habari kwamba kijana yule alikuwa akipita kilometa 250 kwa wiki, wakati mwingine hata zaidi, na kwamba alimshauri apunguze asije akavunjika. Februari 2024 wote wawili walifariki katika ajali ya gari. Kwa hiyo hatutajua kamwe kama mwili ule ungehimili. Simhukumu hata kidogo. Ile ilikuwa kazi yake na kipaji chake. Ila najifunza kwa kocha: aliyempenda mkimbiaji yule alithubutu kumwambia punguza. Wewe una mtu wa kukwambia hivyo? Na akikwambia, unamsikia?

Hapa nafika kwenye kiini. Kuna rafiki yangu ambaye mbio zilimtoa kwenye pombe. Jamani, hiyo ni neema, namshukuru Mungu kwa kila kilometa yake. Lakini baada ya mwaka mguu ulianza kuuma, daktari akamwambia apumzike wiki tatu, akashindwa. Aliniambia hivi: "Nikikaa tu, yale ya zamani yananijia." Hakuwa na kiburi. Alikuwa na hofu. Na mazoezi ambayo huwezi kuyaacha hata ukiambiwa yanakuumiza, si mazoezi tena. Yamekuwa bwana, na wewe mtumwa. Alichohitaji zaidi ya kilometa ni watu wa kukaa naye ile saa tupu ya jioni. Nasi jumuiya tunapaswa kujiuliza tulikuwa wapi.

Mtu anaweza kunibana: "Mbona sala nayo huiachi hata siku moja? Nawe ni mtumwa?" Swali la haki. Jibu ni kwamba njia ina kipimo, lakini mwisho wa safari hauna. Dawa tunapimiwa vidonge. Afya yenyewe hatuiombi kwa vipimo. Mbio ni njia. Mungu ndiye mwisho wetu, na Thomas anafundisha kwamba kumpenda Mungu hakuwezi kuzidi. Sanamu ni pale tunapokipa kitu cha njiani ile "bila kipimo" ambayo ni ya Mungu peke yake.

Basi, wewe unayejiandaa, nakuachia maswali matatu. Kwanza, unaweza kupumzika bila kujichukia? Pili, nani analipa gharama? Kilometa 100 kwa mwendo wa dakika sita ni saa kumi kila wiki. Ikiwa mama ndiye anayebeba maji yako na mdogo wako ndiye anayefanya zamu yako, haki imeguswa. Tatu, Jumapili iko wapi? Mbio nyingi, hata zile za Kilimanjaro pale Moshi, hufanyika Jumapili, lakini Misa ya Jumamosi jioni ipo na inatimiza amri. Anayetaka hupanga.

Ukijibu vizuri, kimbia kwa furaha. Na siku ya mbio za taratibu ukipitwa na mzee mwenye kandambili, mwache apite, umsalimie. Hiyo nayo ni fadhila, inaitwa unyenyekevu.

Ee Bwana, uliyetupa miili hii, utufundishe kuitumikisha bila kuiabudu, na kupumzika bila hofu. Amina.

Tuombeane.