Mechi Ilivunjika, Lakini Nani Aliivunja?

Kiswahili kina njia ya adabu ya kumficha mtu. Chukua kitenzi "vunja", kipachike -ik-, unapata "vunjika". Mtoto akiulizwa habari za kikombe hasemi "nimekivunja." Anasema "kimevunjika," utadhani kikombe kiliamka asubuhi kikaamua. Sisi wakubwa hatujaacha. Barabara imeharibika. Faili haionekani. Mechi ilivunjika.

Hiyo ya mechi ndiyo ilituletea ugomvi. Hapa Kebirigo, katikati ya mashamba ya majani chai, kuna timu ya mtaa ambayo sitaitaja jina, na kuna sisi wachache tunaoiandikia wiki ya mashabiki: wachezaji, matokeo, jezi, nyimbo, hata yule kipa aliyedaka nusu ya pili akiwa amevaa gambuti. Tulianza kwa kukubaliana kanuni za uandishi. Tarehe iandikwe kamili. Mchezaji atajwe kwa majina yote mara ya kwanza, jina la utani lifuate baadaye. Kila bao liwe na watu wawili waliolishuhudia. Maneno kama "noma" na "hatari" yabaki WhatsApp.

Hakuna aliyejali sana kanuni hizo hadi siku ya fainali moja. Refa alikataa bao letu, mashabiki wakaingia uwanjani, jiwe likampata mshika kibendera kichwani. Jioni hiyo makala ikapanda: "Mechi ilivunjika dakika ya 71 baada ya fujo kuzuka."

Isome tena. Mechi ilijivunja. Fujo zilizuka kama uyoga baada ya mvua. Kwenye sentensi nzima hakuna mtu hata mmoja, na uwanja ulikuwa umejaa watu waliovaa jezi yetu.

Nikapendekeza kanuni mpya: pale mtendaji anapojulikana, sentensi imtaje. Yaani: "Mashabiki wetu waliingia uwanjani, mmoja wao akampiga mshika kibendera kwa jiwe, refa akasimamisha mechi." Majibu yakaja moto. "Kwani wewe ni shabiki wa nani?" Mwingine akasema hii ni wiki ya mashabiki, si OB ya polisi.

Swali la kwanza ni zuri kuliko alivyokusudia aliyeuliza. Je, mtu anaweza kuandika ukweli unaoiumiza timu yake na bado awe shabiki wake?

Wiki kubwa za mashabiki zilikutana na swali hili mapema, kwa sura nyingine. Memory Alpha, ya Star Trek, ilianza 2003, na Wookieepedia, ya Star Wars, ikafuata 2005. Zote mbili zina kanuni kwamba matukio ya hadithi yaandikwe kwa wakati uliopita, kama historia. Unaweza kuona ni ushamba wa wapenda sinema. Halafu 2014 Lucasfilm ikatangaza kwamba riwaya nyingi za zamani hazihesabiki tena katika hadithi rasmi, na kuanzia hapo zitaitwa Legends. Wookieepedia haikuzifuta. Ilizitenganisha: mhusika aliyemo katika hadithi zote mbili ana ukurasa wa rasmi na ukurasa wa Legends. Mpangilio wa kurasa wenyewe ukawa njia ya kutomdanganya msomaji.

Kwa hiyo kanuni ya uandishi si urembo. Ni ahadi kwa mtu ambaye hakuwepo. Aliyekuwepo hahitaji makala, anajua jiwe lilitoka upande gani. Makala ni ya mtoto atakayeisoma miaka kumi ijayo, na ni ya yule mshika kibendera pia. Akisoma kwamba "fujo zilizuka," anaambiwa kwamba hata kichwa chake kilipasuka chenyewe.

Nilirudi nyuma nikasoma makala zetu zote, na hapo ndipo nilipoona jambo lenyewe. Tukikosa sisi, tunatumia -ik-: mechi ilivunjika, kadi nyekundu ilipatikana. Tukikosewa, tunatumia -w-: tuliibiwa, tulionewa, tulinyimwa penalti. Kwa makosa yetu hakuna mtu. Kwa maumivu yetu kuna mwizi kila mara, hata pale ambapo hakuna ushahidi wa wizi. Kanuni yangu inakata pande zote mbili. Kama hujui nani alikuibia, na aliiba vipi, huwezi kuandika "tuliibiwa." Andika tulifungwa 2-1.

Na sifa ni vivyo hivyo. "Shabana inasemekana kuwa timu inayopendwa kuliko zote Gusii." Imesemwa na nani? Andika kwamba Shabana iliundwa 1980, ikashuka daraja 2006, ikarudi Ligi Kuu 2023, na kwamba baada ya miaka 17 watu bado wanaingia Gusii Stadium wakiimba Tore Bobe. Msomaji atasifu mwenyewe.

Pingamizi lililonisimamisha lilitoka kwa dada mmoja ambaye ni mwalimu. Aliyerusha jiwe, akasema, ana miaka 16. Tukimtaja jina, kila atakapoomba kazi Google itamtangulia. Alikuwa sahihi, na kanuni yangu ilikuwa bado haijafikiria hilo.

Lakini tazama tofauti. Kuna kunyamaza kunakomlinda mdogo asiye na uwezo wa kujitetea, na kuna kunyamaza kunakolinda upande wa anayeandika. Unapima kwa swali moja: nani anafaidika na ukimya huu? Tukiandika "mmoja wa mashabiki wetu," mtoto amehifadhiwa na timu imebeba mzigo wake. Tukiandika "fujo zilizuka," wa kwanza kuhifadhiwa ni sisi.

Nchi nzima inaijua sentensi hiyo ya pili. Tunasema "watu walikufa" baada ya uchaguzi wa 2007, kana kwamba ulikuwa ugonjwa. Tume ya Waki, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008, ilihesabu vifo 1,133, na majina ya washukiwa wakuu ikayafunga katika bahasha aliyokabidhiwa Kofi Annan. Watu wamebishana kuhusu bahasha hiyo hadi leo. Lakini bahasha yenye majina bado inakiri kwamba kuna waliotenda. "Walikufa" haikiri chochote.

Sidai kwamba -ik- ni dhambi. Taa zikizimika na hakuna ajuaye kwa nini, basi zilizimika, huo ndio ukweli wote. Kosa ni kujua halafu kuandika kama asiyejua.

Kanuni tuliyoipitisha ina sentensi mbili: anayejulikana kutenda atajwe, yeye au kundi lake, jina la mtoto lisiandikwe. Wawili walitoka kwenye kundi wakisema tumeisaliti timu. Mimi naona kinyume. Timu ambayo lazima uifiche ndipo uipende, hujaipenda bado. Unapenda jezi tu.