Ruhusa ya Kutosikia

Mpwa wangu aliniomba hedifoni ya USB. "Ya bei nafuu tu mjomba, ya gemu na muziki." Anaishi na bibi yake, yaani mama yangu, huku Zuzu, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Nyumba ni ndogo, na risasi za gemu zilikuwa zinamwamsha mama saa sita usiku. Nikaona nanunua amani.

Kuchagua hakukunisumbua. Tundu la sauti la laptopu yake lilishakufa, lakini hedifoni ya USB hubeba humohumo ndani kifaa cha kugeuza sauti, haina shida na tundu hilo. Muuzaji alining'ang'aniza yenye mataa na maandishi "7.1", shilingi 85,000. Jamani, binadamu ana masikio mawili! Nyingi za aina hiyo zina spika mbili tu, mengine yote ni kazi ya programu. Nikachukua ya 40,000, nyepesi, yenye sponji laini na maiki.

Siku ya pili mama alimwita mara tatu. Kimya. Hakuita tena, akabeba ndoo mwenyewe. (Na mimi niliyekuwa uani nilichelewa kumpokea, nakiri.) Kwetu mtoto huitika kwanza, ndipo aulize anaitiwa nini. Je, nilikuwa nimemnunulia ruhusa ya kutokuwepo? Usingizi wa mama umerudi, ni kweli, lakini sasa anayeulipia ni yeye mwenyewe, mchana, anapoita.

Ningemlaumu kijana, ila usiku huo niliiazima nikamsikiliza Hukwe Zawose, Mgogo mwenzetu aliyefariki 2003. Kwenye simu yangu ilimba yake husikika kama nyuki ndani ya kopo. Humu nilisikia kila chuma, na ule mvumo wa utando wa buibui uliozibia matundu ya ilimba. Nilisisimka. Muziki uliozoea kuzungukwa na watu, nami nausikiliza gizani peke yangu, mama amelala chumba cha pili! Siwezi kuukana utamu ule ili tu hoja yangu isimame.

Tukakubaliana: mchana sikio moja liwe wazi. Amelalamika, eti bila masikio yote mawili hajui adui anatokea upande gani. Nikamwambia bibi yake anatokea jikoni.

Jana aliitwa. Akaitika mara ya pili, akatoka na hedifoni shingoni, waya ukiburuzika nyuma yake.