Deni la Mguu

Wahenga walisema dawa ya deni kulipa. Hawakutuambia tufanyeje pale mdaiwa anapokuwa daktari, anayedai ni mgonjwa aliyepoteza mguu, na mahakama ikasema deni linafutika.

Ndivyo ilivyoamua Mahakama ya Juu ya Marekani, Machi 1998. Kisa kilianzia Hawaii mwaka 1983. Mwanamke aliyeumia mguu alilazwa na daktari wake kwa hofu ya maambukizi. Daktari alijua penisilini ya kuchoma mshipani ingefaa zaidi, lakini akampa ya kumeza. Baadaye alieleza kuwa alielewa mgonjwa hataki gharama kubwa. Kisha akasafiri kwa shughuli zake. Wenzake aliowaachia wakaamua mgonjwa apelekwe kwa bingwa wa maambukizi. Aliporudi, alifuta uhamisho huo na kusimamisha dawa, akiamini maambukizi yamepungua. Siku chache baadaye hali ikawa mbaya, mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti.

Fidia iliamuliwa: takriban dola 355,000. Daktari hakuwa na bima. Alihamia Missouri, mshahara ukaanza kukatwa, akaomba kutangazwa muflisi. Sheria ya ufilisi ya Marekani hufuta madeni mengi, ila si deni la jeraha lililofanywa kwa makusudi na kwa nia mbaya. Je, hili lilikuwa la makusudi? Majaji wote tisa, kwa kalamu ya Ruth Bader Ginsburg, walisema hapana. Kukusudia tendo si kukusudia jeraha.

Kusema kweli, hoja hiyo siipingi. Dereva anayekata kona bila kutazama amekusudia kukata kona, hakukusudia kumgonga mtu. Tukiyachanganya hayo mawili, kila mzembe atakuwa mwovu, na fundi aliyekosea mara moja atadaiwa hadi kaburini.

Kinachonisumbua ni kingine. Haya, daktari hakuwa na nia mbaya. Lakini dawa ya kumeza ilikuwa nafuu, na kufanya kazi bila bima nako ni nafuu. Hasara ya unafuu wote huo ilimwangukia mtu mmoja tu, yule aliyekuwa kitandani.

Kiswahili chetu kina neno moja, kusamehe, kwa kosa na kwa deni. Kwa kawaida anayesamehe ni yule anayedai. Hapa sheria ilisamehe kwa niaba yake, bila ridhaa yake, kisha ikamwachia gharama.

Mimi sina tatizo na kumhurumia mdaiwa. Mtu aliyefilisika anahitaji kuanza upya. Ila huruma ya nchi nzima isilipiwe na mgonjwa mmoja. Mahakama yenyewe ilikiri kuwa Bunge lingeweza kulinda madai ya aina hii, likitaka. Ningependa waanzie mbali zaidi: daktari asimguse mgonjwa kabla ya kuwa na bima. Hapo tutaweza kubishana kuhusu nia yake tukijua kuwa aliyeumia ameshalipwa.