Bei na Deni: Juu ya Kumnunua Farasi wa Iceland

Mtu akidunduliza fedha kwa miaka sita, akajinyima safari na nguo na mengine anayoyatamani, kisha kwa fedha hizo akanunua kiumbe mwenye roho, amepata nini khasa? Anunuaye kiwanja amepata ardhi. Anunuaye kitabu amepata karatasi zenye maneno. Lakini anunuaye kiumbe hai hununua pumzi, woga, njaa na kumbukumbu, mambo ambayo muuzaji hakuyatengeneza na wala hana uwezo wa kuyakabidhi. Ndilo swali ninalokusudia kulijadili katika makala haya, na mfano nitakaoutumia unatoka mbali na mwambao wetu.

Swali lenyewe sikulibuni mimi. Nimeletewa na bibi mmoja, mkaazi wa Ujerumani, ambaye kwa muda mrefu tumekuwa tukisaidiana katika kazi za tafsiri. Si tajiri; anaishi kwa mshahara wa karani. Kila mwezi kwa miaka sita ameweka kando sehemu ya mshahara huo kwa nia moja tu, kumnunua farasi mchanga wa Iceland. Sasa fedha zimetimia. Amekwenda Iceland, akamuona mtamba wa miaka mitatu ambaye hajawahi kutiwa lijamu, na moyo wake ukatua hapo. Kabla ya kulipa akaniandikia kuniuliza: kwa kuwa nimejinyima kiasi hiki kwa ajili yake, je, ninayo haki ya kumchukua?

Huenda ndugu msomaji akajiuliza, farasi wa nchi ya barafu anatuhusu nini sisi ambao mnyama wetu wa kila siku ni punda? Namjibu kuwa farasi hajawahi kuwa mgeni katika ushairi wetu. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, kisiwani, na watunzi wa tendi za vita hawakungoja kumiliki farasi ndipo wamtaje. Tulimpokea kwa maneno kabla ya kumpokea kwa macho. Zaidi ya hayo, Iceland nayo ni kisiwa, na lililo zito katika khabari hii limetokana na ukisiwa wake.

Farasi hao walifikishwa na wahamiaji kutoka kaskazini mwa Ulaya, waliovuka bahari kwa majahazi ya wazi katika karne ya 9 na ya 10. Tangu zama za kale kisiwa kimefunga mlango wake: farasi wa nje haruhusiwi kuingia. Kwa hivyo damu yao haikuchanganyika, na maradhi mengi yanayowasumbua farasi wa nchi nyingine hayakuwafikia. Ni wadogo wa kimo, aghlabu kati ya sentimita 130 na 145 mabegani, wenye manyoya mazito na mifupa imara. Wana mwendo wao mashuhuri uitwao tölt, ambao mguu mmoja angalau hauachi kugusa ardhi, na mpandaji hukaa ametulia hata aweza kushika kikombe kilichojaa bila ya kumwaga. Wenye mifugo hawana haraka nao. Mtoto wa farasi huachwa akue katika kundi, kwenye malisho ya wazi, na kwa kawaida hafunzwi kupandwa mpaka atimie miaka minne hivi. Akitunzwa vyema huweza kuishi miaka 25, 30, au hata zaidi.

Lakini mlango uliofungwa una pande mbili. Kwa kuwa farasi wa Iceland hawana kinga ya maradhi ya nje, yule aliyetoka hawezi kurudi. Hakuna udhuru unaokubaliwa. Yako mashindano ya dunia ya farasi hawa, yanayofanyika katika nchi za Ulaya kila baada ya miaka miwili. Mpandaji anayetoka Iceland na farasi wake kwenda kushindana anajua, siku anapompakia ndegeni, kwamba ashinde ashindwe atarudi peke yake. Hata hatamu na matandiko ya ngozi yaliyokwishatumika nje hayaruhusiwi kuingia kisiwani. Basi bibi huyu akilipa, mtamba wake atapanda ndege mara moja tu katika uhai wake.

Turudi kwenye swali. Wako watakaosema kuwa akiba inatosha kumpa mtu haki. Fedha aliyoichuma kwa jasho ni sehemu ya umri wake. Miaka sita ya kujinyima ni miaka sita ya maisha aliyoyaweka mkononi mwa muuzaji. Wahenga wamesema haba na haba hujaza kibaba, na mwenye kukijaza kibaba ndiye mwenye kukila. Hoja hii ina nguvu, na mimi siidharau, kwani tofauti kati ya mwenye kudunduliza na mwenye kuchota kwenye hazina ya baba yake ni kubwa. Wa kwanza amepimwa na wakati. Tamaa ya siku moja haiwezi kustahimili miaka sita. Ikiwa imestahimili, basi imekwishageuka kuwa nia.

Hata hivyo, hoja hiyo inathibitisha jambo moja tu: kwamba mnunuzi ana haki mbele ya muuzaji na mbele ya wanunuzi wenziwe. Haithibitishi chochote mbele ya farasi. Kujinyima kwa bibi huyu kulikuwa ni mapatano baina yake na nafsi yake. Mtamba hakuwamo katika mapatano hayo. Wakati sarafu ya kwanza inawekwa, hakuwa amezaliwa. Na katika biashara, kama katika baraza, asiyekuwapo na lake halipo. Muuzaji ameridhia, mnunuzi ameridhia, hati zimetiwa saini, na yule ambaye maisha yake ndiyo yanayohamishwa hakuulizwa, wala hakuna lugha ya kumuulizia.

Mwanafalsafa Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, alishikilia kuwa hapawezi kuwa na urafiki baina ya mtu na farasi au ng'ombe, kwa kuwa hakuna jambo la pamoja linalowaunganisha. Papo hapo akamtia mtumwa, kwa kadiri alivyo mtumwa, katika hukumu hiyo hiyo. Sisi wa visiwa hivi hatuwezi kuyasoma maneno hayo kwa wepesi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na kabla ya hapo watu walisimamishwa wakatazamwa meno na misuli, kama anavyotazamwa farasi hadi leo. Sisemi kwamba mtu na mnyama ni sawa. Kusema hivyo ni kuwatukana mara ya pili walioteswa. Ninachosema ni kwamba historia yetu imetufunza kutoridhika haraka na neno "mali" linapotumiwa kwa kitu kinachopumua. Tumeona jinsi risiti inavyoweza kuwa sahihi kwa kila herufi na jambo lenyewe likawa dhulma. Kwa hivyo usahihi wa risiti hautoshi.

Litakuja pingamizi la pili: farasi hana watani. Mapenzi ya nchi ni ya binadamu. Mnyama anataka nyasi, maji na wenziwe, na vyote hivyo viko Ujerumani, ambako farasi wa asili hiyo wako wengi kuliko nchi yoyote nyingine nje ya Iceland. Nakiri kuwa sisi washairi ni wepesi wa kumtwisha mnyama huzuni yetu. Lakini hapa hatuna haja ya kukisia moyo wa farasi, kwani ngozi yake imekwisha kusema. Farasi waliozaliwa Iceland na kupelekwa bara la Ulaya hushikwa zaidi na ugonjwa wa ngozi unaoletwa na kuumwa na visubi kuliko ndugu zao waliozaliwa huko huko bara. Mwili uliokulia mahali pasipo na visubi hao haukujifunza kuwastahimili. Mnyama hujikuna kila majira ya joto mpaka manyoya ya shingo yakanyonyoka na ngozi ikatoka damu, na wenyewe huwavika shuka maalumu kuwakinga. Kumbe, hata bila ya utenzi wa kuilalamikia, nchi imeandikwa katika mwili.

Imeandikwa pia katika jina. Kwa desturi, farasi wa Iceland huitwa kwa jina lake likifuatiwa na la shamba alikozaliwa. Dume mashuhuri Orri, aliyezaliwa mwaka 1986, anajulikana kuwa ni Orri frá Þúfu, yaani Orri wa kutoka Þúfa. Msomaji wa mwambao anaitambua nisba hii mara moja; wangapi miongoni mwetu wanabeba mwishoni mwa majina yao mji ambao babu zao waliuacha? Tofauti ni kwamba sisi, tukipata nauli, twaweza kwenda kuutazama.

Hata hivyo, uadilifu unatutaka tuutazame upande wa pili wa mizani. Tusiifanye Iceland kuwa pepo ya farasi. Mlipuko wa Laki wa mwaka 1783 ulisababisha njaa iliyoua takriban mtu mmoja katika kila watano, na kuangamiza wanyama wengi mno. Baadaye farasi wa kisiwa hicho walisafirishwa kwa maelfu kwenda Uingereza, wakavuta magari ya makaa chini ya ardhi katika migodi. Nyama ya farasi huliwa huko hadi leo. Na walipoingia Ukristo, yapata mwaka 1000, kuruhusiwa kuendelea kuila kulikuwa miongoni mwa masharti yao. Si kila mtoto wa farasi anayezaliwa hupata mpandaji. Basi huenda mnunuzi wa kigeni akamwepusha mtamba na kisu. Hoja hii nayo ni ya kweli, ila ina hatari yake: humfanya mnunuzi ajione mwokozi, na mwokozi ni mtu asiyependa kuulizwa maswali.

Waiceland wenyewe walikwisha kulitafakari jambo hili katika simulizi zao za kale. Katika simulizi ya Hrafnkell, mkuu huyo alikuwa na dume aitwaye Freyfaxi, akampenda mno hata akamshirikisha na mungu wake Freyr katika umiliki, na akaapa kumuua yeyote atakayempanda bila ya idhini. Kijana mchungaji akampanda ili kutafuta kondoo waliopotea. Hrafnkell akamuua, kwa kuwa ameapa. Kesi ikafika baraza kuu, mkuu akapoteza enzi yake, na maadui zake wakamtupa farasi kutoka juu ya jabali. Nikiisoma simulizi hiyo, huona kuwa kosa la Hrafnkell halikuwa kumpenda farasi. Aliweka kiapo juu ya farasi, lakini hakuweka ahadi yoyote kwa farasi. Kiapo chake kilielekea kwa watu: huyu ni wangu, msimguse. Farasi mwenyewe hakufaidika nacho hata chembe, na mwisho akafa kwa ugomvi usiokuwa wake.

Hapa, kwa maoni yangu, ndipo penye jawabu. Ununuzi una maneno mawili ambayo tumezoea kuyachanganya, bei na deni. Bei ni khabari ya watu wawili, na ikilipwa imekwisha. Lakini kiumbe hai anapovuka kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, palepale bei inapokwisha huanza deni, na mdai ni yule asiyeweza kudai. Deni hilo halilipwi kwa mkupuo. Hulipwa kwa kutompanda kabla ya mgongo wake kukomaa. Kwa kutomweka pekee, kwani ni mnyama wa kundi. Kwa kumlinda na visubi kila majira ya joto. Kwa kumlipia tabibu wakati hawezi tena kubeba tandiko. Aliyedunduliza miaka sita ili anunue, inampasa adundulize miaka mingine 20 na zaidi ili astahili kuwa alinunua.

Na hapo akiba inapata maana yake ya kweli. Haikumpa bibi huyu haki juu ya mtamba. Ilimpa mazoezi. Mtu aliyejifunza kuacha jambo la leo kwa ajili ya jambo lisilokuwepo bado, ndiye aliye tayari kumlea kiumbe ambaye faida yake itachelewa na ambaye uzee wake hautakuwa na faida yoyote.

Kwa hivyo nimemwandikia hivi: haki ya kumchukua huna, wala mimi sina ya kukukataza. Ikiwa farasi aliyezaliwa Ujerumani angeuridhisha moyo wako sawasawa na huyu, basi mnunue yule, kwa kuwa hatapoteza kitu kwa ajili yako. Ikiwa ni huyu tu, basi mchukue kama mtu achukuavyo amana, na uhesabu pia miaka yako mwenyewe, kwani huenda akaishi kukupita. Umtafutie mapema atakayelirithi deni. Jawabu lake halijanifikia. Katika kulisubiri nimetunga ubeti mmoja, nikijaribu kusema kwa kinywa cha mnunuzi:

Bei nimeshalipia, akiba ilipotimu,
Naye kanifuatia, kiumbe mwenye fahamu,
Kwao hana tena njia, sheria imeharimu,
Deni sasa limeanza, si leo la kuhitimu.